Mkono wa Kufungulia

Hapa kwetu Kalemie, mtu akifungua biashara hauzi ovyo kwa yeyote anayetangulia kufika. Anamchagua mnunuzi wake wa kwanza. Anamfuata nyumbani siku mbili kabla, anakaa, anakunywa maji, kisha anasema, "Mama, kuja unifungulie." Mnunuzi huyo akiwa na mkono mwepesi, biashara itatembea. Akiwa na mkono mzito, utakaa hapo na nzi wako mpaka ufunge. Cheka tu. Mimi pia nilikuwa nacheka, hadi siku walipoamua kwamba mkono mwepesi kuliko yote upande wa bandarini ni wangu.

Ilianza kwa mikate. Papa mmoja alifungua kibanda cha mikate njiani kwangu, nami nilikuwa na njaa, basi nikanunua wa kwanza bila kujua chochote. Kufika saa nne mikate ilikuwa imekwisha. Wiki iliyofuata jirani yake alifungua farmasi, akatuma nikaitwe. Nikanunua vidonge vya kichwa. Siku tatu baadaye kikohozi kikaingia mtaani, dawa zikanunuliwa zikaisha, na watu wakasema, mnaona mkono ule? Kikohozi, jamani! Hata kikohozi wakaniandikia mimi.

Tangu hapo sikupumzika. Ndiyo maana nasema hakuna aliyeziona biashara za mkoa huu zikizaliwa kama nilivyoziona mimi. Kwanza zilikuja farmasi, kila mlango farmasi. Kisha miavuli ya pesa za simu, mpaka ukawa huwezi kupita barabarani bila kugonga mguu wa kiti cha mtu. Kisha vipuri vya moto, yaani pikipiki, kwa sababu vijana wote walikuwa wamepanda moto, na moto za huku haziishi kuvunjika. Kisha sola, watu wakatoza hela kuchaji simu za jirani. Walinibeba kwa moto mpaka Niemba kufungua mashine ya kusagia mihogo, nikarudi mweupe unga mpaka kwenye kope. Walinivusha kwa mtumbwi mpaka Mpala ninunue uzi wa nyavu ambao sikuwa na kazi nao. Papa mmoja wa Kirungu alipofungua depo ya viazi na maharage vya milimani, alinisimamisha mbele ya gunia dakika nzima nichague kiazi mwenyewe kwa mkono wa kuume.

Na nilijifunza kitu ambacho hakuna mtu alinifundisha. Ukitaka kujua kama mwenye biashara anaamini biashara yake, usisikilize maneno yake. Tazama mlango. Aliyetundika turubai mguu wake mmoja uko njiani. Vita vikisikika, maji ya ziwa yakipanda, anakunja na kuondoka. Mwenye mlango wa mbao anasubiri kuona. Mwenye mlango wa chuma, uliochomelewa na kupakwa rangi, huyo amesema moyoni kwamba mwaka kesho atakuwa hapo hapo. Zamani nilifungua turubai tupu. Miaka hii, upande wa bandarini, nimefungua milango ya chuma mmoja baada ya mwingine, hata Niemba nimeuona mmoja. Watu wameanza kuamini. Nilikuwa naigusa milango ile kila ninapoingia, nikijifanya nashika ukuta nisijikwae.

Na mimi? Mimi nilikuwa na nusu ya meza.

Nusu nyingine ilikuwa ya mwenzangu. Tuliuza ndakala, dagaa wa ziwa letu, kwenye soko la samaki, yeye kushoto mimi kulia, magoti yakigusana, tangu alipokuwa bibi-harusi mpya asiyejua hata kushika mzani. Aliniita Yaya kwa kuwa namzidi miaka miwili. Nilimfundisha mimi. Nilimfundisha kujua ndakala waliokaushwa mchangani na waliokaushwa juu ya nyavu: wa mchangani wanametameta vizuri lakini ukiwatafuna unasikia kwaruu kwenye meno. Nilimfundisha kuwanusa, kuwavunja mgongo na kusikiliza mlio wake. Alikuwa anashika kila kitu haraka, na mimi nilijisifu kwa hilo, mjinga mimi.

Siku moja alikuja mama mmoja wa biro fulani, ofisi ya kuhesabu biashara, na karatasi zake, miwani puani, viatu visivyojua matope. Alisema wanauliza wafanyabiashara wa mkoa mzima, kuanzia huku mpaka Manono na Kabalo, ni nani anafungua, ni nani anafunga, na moyo wa watu uko vipi. Akaanza na mimi kwa kuwa nilionekana mkubwa.

"Mwaka ujao, Mama, unaona biashara itapanda ao itashuka?"

"Itashuka," nikasema. "Kila kitu kinashuka hapa isipokuwa ziwa."

Wauzaji wa meza za jirani walicheka, nikajisikia vizuri. Yule mama akaandika, akageukia kwa mwenzangu. Swali lile lile.

"Itapanda," akasema.

"Una mpango wa kufungua biashara mpya?"

Mwenzangu alitazama ndakala wake, si mimi. "Ndiyo. Nimeisha kulipia chumba kule barabara kubwa. Nitauza ndakala wasafi, wasio na mchanga hata kidogo, ndani ya mifuko inayoonekana, na karatasi yenye jina juu."

Nilisikia kwa masikio yangu, tena kwa sababu tu mtu wa biro aliuliza! Magoti yetu yalikuwa bado yanagusana. Nikavuta langu.

"Hongera," nikasema.

"Nilitaka kukuambia, Yaya. Niliogopa tu nisipofanikiwa nitachekwa."

Angechekwa na nani? Na mimi, bila shaka, na alijua. Wasio na mchanga! Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu. Nyumbani niliyasema kwa sauti nikikoroga bukari, ugali wetu wa mihogo: wasio na mchanga, wasio na mchanga, mume wangu akauliza kama nina homa. Nilimwambia anyamaze ale.

Nataka nieleze wivu wangu vizuri, kwa sababu watu hudhani wivu ni kutaka kitu cha mwenzako. Chumba chake sikukitaka. Mifuko yake sikuitaka. Nilichotaka ni kwamba yeye asivitake. Nilitaka abaki pale kushoto, tulalamike pamoja mvua inaponyesha, tuseme kila kitu kinashuka. Alipoinuka aliniacha nimekaa, na mtu aliyekaa peke yake anaonekana amekaa kweli kweli. Roho iliniuma, sifichi.

Wiki mbili baadaye alikuja nyumbani. Akakaa, akanywa maji. Nilijua kilichomleta kabla hajafungua mdomo.

"Jumamosi, Yaya. Kuja unifungulie."

"Mkono mzuri uko mwingi hapa mjini."

"Aka! Njo wewe tu. Sitauzia muntu mbele yako, hata akuje gavana."

Nikasema sawa. Aliponiaga alinishika mkono huu wa kuume kwa mikono yake yote miwili, kama mtu anayeshika yai, na mimi nikasikia hasira. Mkono wangu ulikuwa umefungulia watu wote. Umefungulia mpaka mtu aliyeuza misumari iliyopinda. Haujawahi kunifungulia mimi, kwa sababu mtu hawezi kuwa mnunuzi wa kwanza wa bidhaa yake mwenyewe, na pia kwa sababu sikuwahi kufungua kitu.

Jumamosi nikaoga mapema. Nikavaa kitenge changu cha Noeli, nikafunga kilemba. Ilikuwa saa moja na nusu. Nikakaa kwenye kiti kidogo nifunge viatu, na sikuinuka.

Sikupanga. Ningepanga ningeona aibu mapema. Nilisema tu, ngoja nichague maharage ya jioni kwanza. Nikayachagua moja moja, nikatoa mawe ambayo hayakuwepo. Kisha nikasugua sufuria, kwa kitenge cha Noeli, majivu mpaka viwikoni. Saa tatu akapita jirani yangu anayeuza vitumbua.

"Mama, ungali hapa? Wanakungoja kule. Amefungua mlango, watu wamejaa, na yeye anasema hauzi."

"Naenda sasa hivi."

Saa tano akapita tena, sinia likiwa tupu, na macho yamemtoka. Alisimama kabisa aniambie. Papa mmoja wa Manono alikuwa amefika na lori. Alitaka mifuko yote, yote iliyokuwa ukutani, akaiuze kule kwa wachimbaji. Lori lilikuwa linaondoka saa nne na nusu. Mwenzangu akamwambia, Papa, ngoja kidogo, mufunguzi wangu anakuja. Yule papa akacheka kwanza, kisha akakasirika, kisha akaenda sokoni akanunua kwa wengine, wenye mchanga na wasio na mchanga, akapakia akaondoka.

"Anakungoja wewe," jirani akasema. "Unaumwa?"

Hapo nilifurahi. Naliandika kwa mkono wangu mwenyewe: nilifurahi. Utamu ulinishuka tumboni, wa haraka, nikainama kwenye sufuria nisionekane. Mjinga gani anamfukuza mnunuzi wa lori zima kwa ajili ya mkono wa mtu? Halafu utamu ukaisha, nikabaki nayatazama majivu kwenye kucha zangu. Nilijua ni mjinga gani. Ni yule aliyeniamini.

Niliondoka saa saba na nusu, nikitembea kwa kasi kama vile ndiyo kwanza nimeitwa.

Mlango wake ulikuwa wa chuma. Rangi ya buluu, mpya, bado inanukia. Na mbele yake palikuwa na watu wengi, wanasukumana, wanatoka na mifuko. Nikasimama upande wa pili wa barabara. Alikuwa anauza.

Yaliyotokea nilielezwa na watu watatu kwa wakati mmoja. Saa saba kamili alikuja bibi mmoja kutoka Mpala, miguu imejaa vumbi, mwanawe amelazwa hospitali. Alitaka ndakala kidogo tu, wa supu ya mgonjwa. Mwenzangu akamwambia, Mama, bado sijafunguliwa. Bibi akasema, mgonjwa hajala tangu jana. Mwenzangu akatazama barabarani mara ya mwisho upande wa kwangu, kisha akamkatia mfuko, akamchotea konzi moja. Konzi moja! Bibi akalipa sarafu zake akaenda zake, na watu waliokuwa wakisubiri tangu asubuhi wakaingia kwa mkupuo.

Nilijipenyeza mpaka ndani. Aliponiona uso wake ulifunguka, halafu ukajifunga polepole, halafu ukafunguka tena, lakini si kama mwanzo.

"Yaya. Ulikuwa mugonjwa?"

Ningeweza kusema ukweli. Watu walikuwa wengi, ningeusema kwa sauti ndogo.

"Malaria," nikasema.

Akanishika paji la uso. Lilikuwa la moto kwa jua na kwa kutembea mbio, basi uongo wangu ukapata shahidi. Akageuka, akachukua mfuko, akaujaza mpaka juu.

"Nenda ukalale. Ndakala hawa upikie supu."

Nikatoa hela, akazirudisha. "Wewe ukiwa mugonjwa sikuuzii." Sikununua, basi. Mkono mwepesi kuliko yote bandarini ulitoka dukani mle na kitu cha bure. Jioni nikapika ile supu, nikanywa. Hakukuwa na chembe ya mchanga. Ilikuwa tamu, na kila kijiko kilinikera.

Biashara yake ikatembea. Kila baada ya siku chache nilisikia mpya: amechukua msichana wa kumsaidia, amechukua wa pili, mifuko yake imeonekana Kabalo, imeonekana Nyunzu. Nilikuwa nikipita mbele ya mlango ule wa buluu bila haja, nikihesabu viatu vya wateja vilivyoachwa nje. Nikimkuta amekaa bila mteja nilifurahi njia nzima. Nikikuta viatu sita sikulala vizuri. Yeye akiniona alinipungia mkono kila mara, na mimi nilipunga, meno nje.

Na hakuna aliyenituhumu. Hilo ndilo lililonikata maini. Hawakuja tu tena. Mtu alifungua saluni mita hamsini kutoka kwangu, sikuitwa. Mtu alifungua duka la sola, nikasikia muziki tu. Watu wa Niemba waliweka mashine ya pili, wakaja mjini kumtafuta mfunguzi, wakapita mlangoni kwangu wakanisalimia vizuri sana, wakaenda kumchukua nani? Mwenzangu. Walisema mtu ambaye biashara yake imefunguliwa na konzi moja ya mgonjwa na bado ikatembea hivi, huyo ana baraka zake mwenyewe. Alirudi jioni juu ya moto, mweupe unga mpaka kwenye kope. Nilimwona akipita. Unga ule ulikuwa wangu!

Sokoni nusu ya kushoto ya meza ilikaliwa na mama mwingine, mtu mzuri, asiyeongea. Yule mama wa biro alirudi na karatasi zake, akauliza tena moyo wangu uko vipi. Nilifungua mdomo niseme inashuka, na sikupata wa kucheka naye. Nikasema, "Sijui. Niandikie sijui." Akaniandikia.

Siku ile sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilienda kwa mchomeleaji. Nilisimama kwake nikitazama milango iliyoegemezwa ukutani, nikamuuliza mdogo kabisa anautengeneza siku ngapi. Alidhani natumwa na mtu. "Ni wa nani, Mama?" Nikasema ni wangu, na sauti ikanitoka ndogo, ikabidi niseme mara ya pili.

Nilichagua chumba karibu na stendi ya moto, pa kuuzia bukari na samaki. Katika miaka yote ya kufungulia watu nilikuwa nimeona wanafungua kila kitu isipokuwa mahali pa vijana wa moto kukaa wakala bila kusimama. Benchi mbili, meza mbili, sufuria zangu zilizosuguliwa vizuri siku ile mbaya. Mlango niliupaka kijani. Buluu isingewezekana, ningekufa.

Kisha likaja lile. Ni nani anifungulie?

Niliwaza mikono yote ya mji. Papa wa mikate, mke wa mchungaji. Nilikuwa najidanganya. Nilijua mkono unaotafutwa sasa hivi ni wa nani, na nilijua kwamba nikimchukua mwingine na biashara ikalala nitajuta maisha yangu yote. Nikajikaza. Nikaenda kwenye mlango wa buluu, nikasubiri viatu vipungue, nikaingia, nikakaa, nikanywa maji.

"Jumamosi," nikasema nikitazama sakafu. "Kama una nafasi. Kuja unifungulie."

Alikuwa anafunga mfuko. Alimaliza kuufunga kwanza.

"Nitakuja."

Basi. Hakusema "Aka", hakunishika mkono, hakuuliza naanza kuuza nini. Nilirudi nyumbani nikijua kabisa atanifanyia nini. Angeniacha. Angechagua maharage. Wateja wangejaa, vijana wa moto wangenukia samaki wakiuliza, Mama, vipi? Nami ningesema, ngojeni kidogo. Bukari ingekauka sufuriani. Na nisingekuwa na neno la kumwambia, hata moja, kwa sababu mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi jambo hilo linavyofanywa. Hata hilo nilimfundisha mimi. Nilimchukia kwa jambo ambalo alikuwa hajalitenda.

Jumamosi nikaamka jogoo wa kwanza. Nilitaka moto uwake na samaki wawe tayari kabla mtu yeyote hajapita, ili angalau nikiaibika niaibike na chakula kizuri. Nikabeba sufuria kichwani, ufunguo mkononi, nikashuka kuelekea stendi wakati kumeanza kupambazuka. Moto za kwanza zilikuwa bado hazijafika.

Kwenye ngazi ya mlango wangu wa kijani alikuwa amekaa mtu, amejifunika kitenge kwa baridi ya ziwa, sahani tupu mapajani.

Duka lake lilikuwa linafunguliwa saa moja. Siku ya posho, yaani Jumamosi, ndiyo siku yake kubwa. Aliinuka, akanishusha sufuria kichwani, akasogea kando nipate kufungua.

"Nimekuja mapema, Yaya," akasema. "Usije ukaningoja."

Ufunguo ukakataa kuingia. Nilikuwa nimemwonea wivu kwa chumba, kwa mifuko, kwa viatu mlangoni, kwa unga wa Niemba. Vyote hivyo havikuwa kitu. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea yeye pale kwenye ngazi, na sahani yake, akisubiri kwa utulivu nifungue mlango.